Wadhamini Watatu wa Bimkubwa

Tangu simu ya Bimkubwa binti Aboud itumbukie majini kule kisiwani Ngumi, hakuna Mbajuni aliyekufa. Si kwamba watu walipata afya. Walikufa kama kawaida yao, wengine Mombasa, wengine kambini Dadaab, wengine hapo hapo Kismayo, lakini vifo vyao havikupata mahali pa kuingia, na kwa watu wale kifo ambacho hakijaingia Barazani kilikuwa maneno ya mtaani tu.

Hilo Baraza lilikuwa tovuti. Vita vilipowatawanya watu wa visiwani kama punje za mchele uliomwagika, ndugu mmoja akaangukia Malindi na mwenziwe akaangukia Norway, walihitaji mahali pa kuulizana. Harusi ziliwekwa Barazani, na waliozaliwa, na mtu aliyepotelewa na binamu. Kila mwenye akaunti aliweka lake. Ila ukurasa wa Tanzia ulikuwa wa mtu mmoja, Bimkubwa, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa.

Sababu ya mambo hayo ilikuwa Mzamil, mdogo wake. Mzamil aliuawa mara tatu. Mara ya kwanza ni mwaka wa tisini na moja, Kismayo ilipoporwa. Mtu akafika Mombasa akasema kamwona amelala bandarini na risasi kifuani. Wakasoma khitma, wakala, na baada ya muda Mzamil akatokea akauliza kama pilau limebaki. Mara ya pili ilikuwa moto wa kambini. Mara ya tatu habari zilitoka Yemen, ambako hakuwahi kukanyaga, na khitma ile alihudhuria mwenyewe, amekaa safu ya nyuma, kwa kuwa alidhani anasomewa mtu mwingine mwenye jina kama lake.

Baada ya hapo watu wakasema basi. Wakakubaliana kwamba kifo kitatangazwa na Bimkubwa peke yake, kwa kuwa Bimkubwa alikuwa na swali moja tu na halikwepeki: nani alimwosha? Ukimwambia fulani kafa, hakuuliza kafaje wala kafia wapi. Aliuliza nani alimwosha, nani alishuka kaburini, kisha akawatafuta watu hao akawauliza wao. Ukurasa wa Tanzia ulitengenezwa kwa namna yake. Kulikuwa na sehemu iliyoandikwa "Waliomwosha", na sehemu ile haikukubali kuachwa wazi. Ukiiacha wazi, tangazo halitoki.

Mlango wa Baraza ulilindwa na programu iitwayo Hodi. Aliyeiandika ni Sabah, mwana wa kisiwa cha Chovai aliyekulia Sweden, na kazi yake ilikuwa kumjua anayeingia: wewe ni nani, unathibitishaje, na unaruhusiwa kugusa nini. Ilikuwa programu huria, maana yake yeyote aliweza kuichukua bure, akaifungua matumbo, akairekebisha na kurudisha alichorekebisha. Basi ikachukuliwa. Shule zikaichukua, maktaba zikaichukua, na chama kimoja cha wafuga nyuki huko Kanada kikaichukua, wala hawajapata kusikia kwamba kuna mahali panaitwa Chovai.

Riyadh bin Nassoro hakuandika hata mstari mmoja wa programu ile. Alikuwa fundi wa simu mjini Kismayo, kijana aliyekulia Mombasa, akajifunza kompyuta kwa kuwatazama wengine wakizitumia, kisha akarudi mji ulipotulia kiasi cha mtu kuweza kurudi. Yeye aliandika maelezo ya matoleo. Kila Hodi mpya ilipotoka ilibidi iandamane na maelezo: nini kimeongezwa, nini kimeondolewa, dosari gani imezibwa, na mtu afanye nini asije akajikuta nje. Mafundi wa Sabah waliandika kama watu wanaojificha. Riyadh aliandika kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwa sababu siku nzima alishinda na watu waliobonyeza mahali pasipobonyezwa, na alijua vidole vyao vinakoelekea. Aliandika kwa Kiswahili, wengine wakatafsiri. Kazi ile haikuwa na malipo, ila ilikuwa na sheria moja ya Sabah: dosari haifichwi. Ikizibwa, inasemwa ilikuwa nini na iligunduliwaje.

Toleo la Nne lilipangwa kutoka Alhamisi. Bimkubwa alirudi kutoka Ngumi Jumatatu.

Aliingia uani, akavua baibui, akakaa kwenye kibao chake, akavuta ungo wa mchele akaanza kutoa mawe. Riyadh alikuwa ukumbini na kompyuta yake, maana umeme wa jua ulikuwa nyumbani kwa shangazi yake, si kwake.

"Mzamil kafa," Bimkubwa akasema.

Riyadh akaacha kuandika. "Nani alimwosha, shangazi?"

"Abdulqadir na Lali. Nilikuwapo. Nimezika. Na nilipokuwa nashuka mashuani simu ikaniponyoka, ikaenda." Akatupa jiwe. "Mara hii kafa kweli. Nimemtazama sana."

"Inna lillahi."

"Ndiyo. Sasa nifungulie Tanzia."

Na hapo ndipo mambo yalipokwamia. Bimkubwa aliingia Barazani kwa neno la siri, lakini neno lenyewe hakulishika kichwani. Kila alipotaka kuingia alisema amelisahau, Hodi ikamletea njia ya kurudi kwa simu, akapewa neno jipya, akalisahau. Alifanya hivyo miaka mitano na hakuona taabu yoyote. Sasa simu ilikuwa chini ya bahari, na laini ya simu ikiwa ndani yake.

Asubuhi ya Jumanne wakaenda kampuni ya simu. Kijana wa pale alikuwa na adabu.

"Eeddo," akamwita kwa Kisomali, kama mtu anavyomwita shangazi, "laini hii imeandikwa kwa jina la mumeo. Aje mwenyewe."

"Mume wangu ni marehemu."

"Lete hati ya kifo."

"Alikufa mji ukiwa hauna ofisi, mwanangu. Nani angeiandika?"

"Basi inaonekana wapi kwamba amekufa?"

Riyadh akamfungulia Baraza kwa simu yake, akamwonyesha tanzia ya marehemu. Kijana akaisoma yote, akarudisha simu. "Tangazo hili limewekwa na nani?"

"Na mimi," akasema Bimkubwa.

Kijana akatikisa kichwa kwa huruma, akamwita anayefuata.

Bimkubwa akaongoza njia mpaka mlangoni kwake. Kisha akasema, "Maimuna anaolewa Ijumaa."

Riyadh alikuwa amelisahau hilo. Maimuna alikuwa binti pekee wa Mzamil, hana kaka, anakaa Glasgow. Mzamil ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye haki ya kumwoza, na wiki iliyopita alimpa uwakili imamu wa huko kwa simu amfungishe nikaha kwa niaba yake. Na uwakili wa mtu hufa na mtu. Imamu akifungisha Ijumaa kwa niaba ya marehemu, hapana nikaha; Maimuna ataingia nyumba ya mwanamume asiye mumewe, na hatajua.

"Si tumpigie simu?" Riyadh akasema.

"Mpigie."

Riyadh akapiga, akampa shangazi yake simu. Bimkubwa alisema maneno machache kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Kisha akasikiliza, akamrudishia simu.

"Anacheka," akasema.

Riyadh akaiweka sikioni. "Maimuna?"

"Wewe nawe, Riyadhi? Mmekaa mkapanga?" Sauti ya Maimuna ilikuwa na kicheko, lakini kicheko chenye hasira. "Mwezi mzima Shangazi ananiambia mwanamume yule hafai. Kwa nini hafai? Kwa sababu anafanya kazi kwenye mabwawa ya samaki. Ati, 'Mchu gani huyo, mtu gani anayemlisha samaki badala ya kumvua?' Akaapa hiyo harusi haitakuwa. Sasa harusi Ijumaa, Jumanne babangu kafa! Mara ya ngapi hii?"

"Ya nne," Riyadh akasema.

"Ehe. Kama ni kweli, mbona Barazani hamna kitu?"

"Simu yake imeanguka majini, hawezi kuingia."

"Subhanallah. Imeanguka wiki hii hii." Akakata.

Riyadh alimtazama shangazi yake akitarajia kumwona amekasirika. Bimkubwa alikuwa amerudi kwenye mchele.

"Ana haki," akasema. "Ndivyo nilivyomfundisha. Maneno ya simu ni maneno."

"Naweza kuingia kwa mlango wa nyuma, shangazi. Nina ufunguo wa seva. Nitaandika kwa jina lako."

"Ukiandika wewe kwa jina langu, aliyesema ni nani?"

"Ni wewe. Mimi nimeandika tu."

"Na kesho mwingine mwenye ufunguo naye aandike tu. Mtaniua mimi nami niko hapa natoa mawe." Akamnyooshea kidole. "Usinifanyie hivyo, Riyadhi. Wallahi nitahama nyumba."

Kumfungulia akaunti mpya pia hakukufaa. Mwaka uliopita mtani mmoja huko Birmingham alijifungulia akaunti akaiita Bimkubwa Halisi, akamtangaza mwenye nyumba wake kuwa marehemu. Tangu hapo Bimkubwa yeyote mpya alitukanwa kabla hajasalimu.

Ikabaki njia ya wadhamini. Hodi ilimtaka kila mtu, siku ya kujiandikisha, ataje watu watatu watakaothibitisha yeye ni nani. Akisahau neno la siri, Hodi huwaandikia wale watatu: je, mnamjua huyu, na ni kweli anataka kurudi? Wakisema ndiyo, anarudi. Riyadh akafungua kumbukumbu za mfumo awatazame wadhamini wa shangazi yake, awapigie.

Akatazama. Akasogeza kompyuta karibu, akatazama tena.

"Shangazi, wadhamini wako ni nani?"

"Aboud, Mahmoud na Mukhtar."

"Aboud yupi?"

"Aboud babangu. Kwani wewe una babu mwingine?"

"Babu alifariki kabla sijazaliwa."

"Na Mahmoud kabla yangu mimi, na Mukhtar kabla ya babangu. Sikuulizwa kama wako hai. Niliulizwa nani atathibitisha mimi ni nani. Mchu akiulizwa yeye ni nani, atamtaja jirani?"

Riyadh akapangusa uso. "Na namba zao? Wote watatu wana namba moja. Ni yako."

"Waliishi nyumba moja."

"Lakini Hodi ilimwandikia kila mmoja wao. Ilimuuliza babu kama anakujua."

"Iliuliza, nikamjibia. Ningesema hanijui?"

Hivyo ndivyo Bimkubwa alivyokuwa akirudi Barazani kwa miaka mitano. Alisahau neno la siri, Hodi ikawauliza marehemu watatu, marehemu watatu wakajibu kwa simu moja kwamba ndiyo, wanamjua, ni mtoto wao.

Riyadh akampigia Sabah. Sabah alisikiliza, akaomba apewe muda, akawatafuta wote ambao namba ya mdhamini na namba ya mwenyewe ni moja. Alipopiga tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Riyadhi, nusu ya Chovai wamedhaminiwa na makaburi."

"Na Ngumi?"

"Ngumi wote." Akavuta pumzi. "Wafuga nyuki hawana hata mmoja. Ni sisi tu. Mtu yeyote anaweza kujidhamini mwenyewe, hii ni dosari kubwa kuliko zote tulizopata. Naiziba leo, itoke Alhamisi. Wadhamini wote wa namna hiyo wanafutwa. Aliyebaki nje atarudi kwa watu watatu walio hai, kila mmoja na simu yake, wote wamwone uso, na mfumo usubiri siku kadhaa ili mwenyewe, kama yuko kwingine, apate kupinga."

"Siku kadhaa? Nikaha ni Ijumaa."

Sabah alimjua Maimuna, walisoma chuo kimoja cha Kurani kambini kabla hajahamia Sweden. "Siwezi kufupisha kwa ajili ya mtu mmoja, Riyadhi. Nikifupisha kwa shangazi yako nimemfupishia na mwizi. Andika maelezo. Andika na dosari iligunduliwaje."

Jumatano Riyadh akaandika. Aliandika yaliyoongezwa, akaandika yaliyoondolewa, akafika kwenye dosari akakwama. Mwisho akaandika: "Dosari hii iligunduliwa kupitia mtumiaji mmoja."

Bimkubwa alikuwa na desturi ya kusomewa maelezo kabla hayajatoka. Alisema asipoelewa yeye, wa Ngumi hawataelewa. Riyadh akamsomea huku yeye akipara samaki.

"Rudia hapo. Mtumiaji mmoja ni nani?"

"Ni wewe."

"Hana baba? Hana kwao?"

"Nimekuhifadhi, shangazi. Haya yatasomwa na watu wote. Wakijua kwamba uliingia Barazani kwa kudhaminiwa na marehemu, watauliza na tanzia zako zilidhaminiwa na nani. Miaka mitano ya tanzia. Watasema labda hata waliokufa hawakufa."

Bimkubwa akaacha kupara. Magamba yalikuwa yamemrukia mpaka kwenye kope. Akalaza kisu juu ya samaki.

"Maelezo haya Maimuna atayasoma?"

"Toleo likitoka, mtu akifungua Baraza yanamtokea mbele. Hawezi kupita mpaka ateremke hadi chini abonyeze 'Nimesoma'."

"Na hujapata kuandika uwongo humo?"

"Sabah angenifukuza."

"Basi andika jina langu," akasema. "Andika na la babangu. Andika niliwajibia. Mwanamke anayetaka kuvunja harusi ya mchu hajivui nguo mbele ya ulimwengu kwanza. Ukishamaliza, chini yake mweke Mzamil."

"Maelezo ya toleo si mahali pa tanzia, shangazi."

"Mna mahali pa kutia majina ya samaki."

Hilo lilikuwa kweli. Kila toleo lilikuwa na jina lake: la kwanza Changu, la pili Nguru, la tatu Kolekole. La nne lilikuwa liitwe Jodari. Riyadh akampigia tena Sabah, akamwambia anataka kubadili jina.

"Marehemu alichangia nini kwenye programu?" Sabah akauliza, si kwa ubaya. Aliwauliza hivyo wote waliotaka jina.

"Alikufa mara tatu kwa uwongo. Bila yeye pasingekuwa na ukurasa wa Tanzia, na bila Tanzia usingeandika Hodi."

Vikasikika vidole vikigonga. "Jodari atangoja la tano," akasema Sabah.

Alhamisi kabla ya adhuhuri toleo likatoka. Maelezo yalikuwa marefu, ila watu wa visiwani wanakumbuka sehemu hii:

"Dosari iliyozibwa. Katika matoleo yaliyopita mtu aliweza kujidhamini mwenyewe kwa kuwapa wadhamini wake namba yake ya simu. Dosari hii iligunduliwa kupitia Bimkubwa binti Aboud, mwenyeji wa Ngumi na mkaazi wa Kismayo, aliyedhaminiwa na marehemu baba yake, marehemu babu yake na marehemu baba wa babu yake, akawajibia wote watatu. Hakuwa na nia mbaya. Anasema kila tangazo aliloweka aliliweka mwenyewe. Programu haikuwa na njia ya kulijua hilo, na haina njia ya kulijua sasa.

"Jina la toleo. Toleo hili linaitwa Mzamil, kwa ajili ya Mzamil bin Aboud, ambaye kwa sababu yake Hodi iliandikwa. Alifariki Ngumi Jumapili iliyopita. Waliomwosha: Abdulqadir na Lali. Aliyeshuka kaburini: Lali."

Wafuga nyuki wa Kanada waliandika kutoa pole. Wa Ngumi waliandika kuuliza kama babu zao sasa wamekataliwa rasmi. Mtu mmoja wa Mombasa alitaka arudishiwe mjomba wake, aliyetangazwa mwaka juzi, na akajibiwa na aliyemwosha. Kutwa nzima waoshaji wa miaka mitano walijitokeza mmoja mmoja bila kuitwa: huyu nilimwosha mimi, yule nilimwosha mimi na fulani. Bimkubwa alisomewa yote. Alasiri ile hakutoa mawe wala kupara samaki, alikaa tu.

Simu ya Riyadh ikalia. Alikuwa Maimuna. Akaomba apewe shangazi.

"Shangazi." Sauti ilikuwa imekwisha. "Abdulqadir alimwosha?"

"Na Lali. Lali akashuka. Mimi nilisimama karibu."

Kukawa na kilio, na Bimkubwa akakiacha kiende, simu imemkaa sikioni, anatazama ukuta. Kilipopungua Maimuna akasema, "Ulijiandika mbele ya wachu wote."

"Sikujiandika. Kaniandika Riyadhi. Mimi najua kuandika maelezo?"

"Bado humtaki mwenye samaki."

"Simtaki. Lakini babako alimtaka, na babako sasa habishiki." Akabadilisha simu sikio. "Ngoja ukitaka, harusi haiozi. Lakini usifunge kwa uwakili wa maiti."

Maimuna hakungoja. Alisema baba yake aliichagua siku ile mwenyewe. Basi kukabaki swali la walii. Baba kafa, babu kafa, kaka hana. Aboud alikuwa na wana wawili tu wa kiume, Mzamil na Nassoro. Kama Nassoro hayupo, uwalii ulimwangukia mwana wa Nassoro, naye alikuwa amekaa pale ukumbini akifumbua waya wa chaji.

Ijumaa baada ya sala imamu wa Glasgow akapiga simu ya picha. Alikuwa mzee mwenyeji wa Kismayo, aliyeondoka wakati wa vita. Riyadh alivaa kanzu ya marehemu mume wa Bimkubwa, fupi kidogo.

"Wewe ndiye binamu," imamu akasema. "Mimi sikujui. Nitakujuaje?"

"Mimi ni Riyadh bin Nassoro bin Aboud bin Mahmoud bin Mukhtar."

Imamu akageuka. "Na bibi harusi?"

"Maimuna binti Mzamil bin Aboud bin Mahmoud bin Mukhtar," ikasikika sauti ya kike.

"Mmekutana kwa Aboud. Inatosha."

Riyadh alitaka kumwambia kwamba njia hiyo ina dosari na ilizibwa jana, lakini imamu alikuwa tayari kwenye swali jingine.

"Na baba yako, Nassoro, yu hai? Akiwa hai ni yeye, si wewe."

Riyadh akageuka akamtazama shangazi yake.

Mwaka wa tisini na mbili mashua mbili ziliondoka Ras Kamboni kwenda Kiunga. Moja ilimbeba Bimkubwa na Riyadh, mtoto mchanga, mapajani mwake, na hiyo ilifika. Nyingine ilimbeba Nassoro. Hakuna aliyemwona tena, wala ubao wa mashua. Hapakuwa na aliyemwosha, kwa hiyo hakuwahi kuingia Tanzia, na kwa miaka yote ile hakuna mtu katika nyumba ile aliyesema kwa mdomo kwamba Nassoro amekufa. Riyadh hakupata kuuliza. Alijua swali la shangazi yake, na alijua halina jibu.

Bimkubwa akasogea kwenye simu mpaka uso wake ukajaa kioo chote.

"Nassoro amefariki," akasema. "Hakuoshwa. Nasema mimi, dada yake."

Imamu alimtazama. Huyu alimjua, kama kila mtu alivyomjua. "Bi Bimkubwa, Mungu amrehemu. Inatosha."

Nikaha ikafungwa. Mwenye samaki alipitishwa mbele ya kioo aonekane, akasalimu vizuri, na Bimkubwa akasema ni mwembamba.

Siku za kungoja zilipokwisha, Hodi ilimrudisha Barazani. Wadhamini wake walikuwa Riyadh, Sabah na Maimuna, wote hai, kila mmoja na simu yake. Akaweka Mzamil kwanza, mahali pake panapostahili. Akaweka na wengine waliokuwa wakimngoja. Kisha akaandika jina la Nassoro bin Aboud, kidole kimoja kimoja, akabonyeza. Tangazo halikutoka. Akabonyeza tena.

"Riyadhi," akaita. "Inanitaka niseme nani alimwosha."

Riyadh akaja, akasimama nyuma yake, akatazama kile kisanduku cheupe chenye mstari mwekundu. Akaenda ukumbini akampigia Sabah, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba aelekezwe namna ya kubadili mstari mmoja wa programu yenyewe. Sabah hakumuuliza kwa nini.

Toleo lilitoka siku ile ile, dogo, bila jina la samaki wala la mtu. Maelezo yake aliyaandika Riyadh:

"Hodi, Toleo la 4.1. Badiliko ni moja. Katika ukurasa wa Tanzia, sehemu ya 'Waliomwosha' sasa inaweza kuachwa wazi. Watumiaji hawatakiwi kufanya lolote."